Pareto ya Mafinga, chanjo za Mbeya: Kabla ya kuuliza faida, uliza nani anaongoza

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa mahindi anayefika Makambako hahitaji maabara. Hutumbukiza mkono ndani ya gunia, akachota punje, akauma moja kwa jino, na papo hapo akajua kama mzigo umekauka au bado una maji. Mnunuzi wa viazi vya Uyole huangalia ngozi na ukubwa. Mnunuzi wa mbao za Mufindi hupima kwa futi. Lakini ipo bidhaa moja ya Nyanda za Juu Kusini ambayo thamani yake haijulikani kwa jino, kwa jicho wala kwa mizani. Bidhaa hiyo ni ua la pareto.

Magunia mawili ya pareto yanaweza kuwa na uzito sawa na rangi sawa, lakini moja likawa na thamani kubwa zaidi ya jingine kwa theluthi nzima. Anayejua tofauti hiyo ni mkemia aliye maabara, na mkulima pamoja na mfanyabiashara hubaki kungoja majibu.

Hali hiyo haipo kwenye pareto peke yake. Ndiyo hali ya biashara yote ya dawa, chanjo na utafiti wa kibayolojia. Bidhaa haionekani, kipimo chake kiko mikononi mwa wachache, na matokeo huchukua miaka. Kwa sababu hiyo, mwenye fedha anayetaka kuzipeleka huko hana budi kuanza na watu: nani wanaoongoza, kila mmoja ana kazi gani, na uamuzi wa mwisho unafanyika wapi. Mikoa ya Mbeya na Iringa ina mifano miwili ya kujifunzia, mmoja wa kiwanda na mmoja wa kituo cha utafiti, na majirani wa Kenya na Kongo wana mifano ya kuongezea.

SUMU ISIYOONEKANA

Pareto ni ua jeupe lenye kitovu cha njano. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, katika nchi ambayo leo ni Kroatia. Liliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 likafika nyanda za juu za Tanganyika pamoja na walowezi. Linapenda baridi. Likipandwa sehemu za chini hutoa majani mengi na maua machache. Ndiyo maana maeneo ya pareto ni maeneo ya baridi: Umalila katika Wilaya ya Mbeya, Makete na Njombe (zilizokuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012), Mufindi na Kilolo.

Kinachotafutwa na mnunuzi si ua lenyewe. Ni kundi la kemikali sita zinazoitwa pairethrini, ambazo wakulima huziita kwa neno moja tu: sumu. Humwangusha mbu, nzi na mende papo hapo, na huharibika upesi zikipigwa na jua, kwa hiyo hazikai muda mrefu katika chakula na mazingira. Wanasayansi wawili, Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, ndio waliochapisha mwaka 1924 uchunguzi mkubwa wa kwanza juu ya maumbile ya kemikali hizo. Baadaye wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya kemia, kila mmoja kwa kazi yake.

Hesabu ya biashara ni hii. Kilo nne hadi tano za maua mabichi hutoa kilo moja ya maua makavu. Katika maua makavu, sumu huwa kati ya asilimia moja na mbili hivi. Tani moja yenye sumu ya asilimia 1.2 ina kilo 12 za pairethrini. Tani nyingine yenye asilimia 1.6 ina kilo 16. Gari ni lile lile, mafuta ni yale yale, na vibarua ni wale wale, lakini tofauti ni kilo nne, yaani theluthi moja zaidi.

Kiwandani maua husagwa, sumu huvutwa kwa kimiminika maalumu, kisha husafishwa na kuwa mafuta mazito. Mafuta yakisafishwa hadi nusu yake iwe pairethrini, zile kilo 12 zitatoa kilo 24 tu kabla ya kuhesabu upotevu. Kwa maneno mengine, tani nzima ya maua ya mlimani huishia katika ndoo moja au mbili. Katika ndoo hizo ndimo yalimo malipo ya mkulima, mshahara wa kiwanda, kodi ya serikali na faida ya mwenye mali.

NGAZI ZA MAFINGA

Mafinga ni mji wa Wilaya ya Mufindi, kilomita 80 hivi kutoka Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Hapo ndipo kilipo kiwanda cha kukamua pareto cha kampuni ya Pyrethrum Company of Tanzania, inayojulikana zaidi kwa kifupi cha PCT.

Historia yake ni historia ya uchumi wa nchi. Kiwanda kilijengwa zama za mashirika ya umma. Ulipokuja ubinafsishaji wa miaka ya 1990, serikali ikajitoa katika kununua na kukamua. Sheria ya Pareto ya mwaka 1997 ikaiachia Bodi ya Pareto kazi ya kusimamia sekta na kutoa leseni. Katika miaka ya 2000 PCT ikaingia mikononi mwa McLaughlin Gormley King, au MGK, kampuni ya Minneapolis, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1902 na yenye uzoefu mrefu wa dawa za wadudu. MGK nayo ikaingia katika kundi la Sumitomo Chemical la Japani.

Mwekezaji mdogo atazame ngazi hizo kwa makini. Mkulima yuko Umalila. Meneja yuko Mafinga. Mnunuzi mkuu wa mafuta ya pareto alikuwa Minneapolis. Aliye juu ya wote alikuwa Tokyo, na hisa zake zinauzwa katika soko la Tokyo. Hakuna ngazi hata moja kati ya hizo ambayo hisa yake imewahi kuuzwa Dar es Salaam.

Kuna jambo jingine. Sumitomo Chemical ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa dawa za kiwandani zilizobuniwa kwa kuiga pairethrini. Moja ya dawa za aina hiyo, permethrini, ilibuniwa na Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, na kutangazwa mwaka 1973. Ndiyo iliyotiwa katika vyandarua vya Olyset vya Sumitomo, ambavyo kiwanda cha A to Z cha Arusha kilitengeneza kwa mamilioni. Isitoshe, katika miaka ya 2010 kundi hilo hilo lilinunua Botanical Resources Australia, kampuni kubwa ya pareto katika kisiwa cha Tasmania, ambako maua huvunwa kwa mashine.

Hivyo pareto ya Mafinga, mshindani wake wa Tasmania na mshindani wake wa kiwandani viliwahi kukaa chini ya paa moja. Kufanya hivyo si kosa, na kampuni kubwa nyingi duniani hufanya vivyo hivyo ili ziwe na bidhaa kwa kila mteja. Lakini kwa mtu anayepanga kununua gari la kubeba maua, kujenga ghala au kuotesha miche, ni habari ya maana. Shauri la kuongeza au kupunguza ununuzi wa Mafinga linaweza kukatwa kwa kulinganisha na shamba la Tasmania ambalo mkulima wa Umalila hajawahi kulisikia.

VITI VITANO

Makampuni ya namna hii, madogo kwa makubwa, huwa na viti vitano vya uongozi ambavyo mwenye fedha anapaswa kuvijua: mkuu wa ugani, mkuu wa fedha, mwanasayansi mkuu, msimamizi wa ubora, na mkurugenzi mtendaji. Gazeti la kampuni litampiga picha huyo wa mwisho. Lakini mara nyingi kampuni huinuka au kuanguka kutokana na viti vinne vya mwanzo.

Kiti cha ugani ndicho kinachodharauliwa zaidi. Mkuu wa ugani hasaini mikataba ya nje wala hakai na mabalozi. Kazi yake ni mkulima. Sehemu kubwa ya sumu imo katika mbegu changa zilizo kwenye kitovu cha ua. Ua likichumwa likiwa bado kifundo, sumu ni kidogo. Likichelewa hadi likanyauka, kiwango hushuka. Likianikwa chini kwenye udongo au kufungwa gunia likiwa na unyevu, huvunda. Likikaa ghalani muda mrefu, sumu hupungua yenyewe.

Maamuzi hayo yote hufanywa na mama na watoto wanaochuma shambani, na hakuna mtu wa kiwandani aliyepo pale. Ile tofauti ya asilimia 1.2 na 1.6 huanzia kwenye vidole vya mchumaji na kwenye mkeka wa kuanikia. Sehemu nyingine hutoka kwenye mbegu. Hapo ndipo Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Uyole, jirani na mji wa Mbeya, ambacho pareto ni miongoni mwa mazao yake, kinapoingia. Miche bora inayotoka kwa mtafiti bila kumfikia mkulima haiongezi hata gramu moja kwenye ndoo ya Mafinga.

Kampuni inayompa mkuu wake wa ugani pikipiki chakavu na kumweka nje ya kikao cha menejimenti imekwisha kueleza itakavyokuwa baada ya miaka mitano.

SOMO LA NAKURU

Kiti cha fedha kina mfano wake Kenya. Kwa miongo kadhaa Kenya ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkubwa wa pareto kuliko wote duniani. Ilikuwa na hali ya hewa, ilikuwa na wanasayansi, ilikuwa na kiwanda Nakuru, na ilikuwa na wateja Marekani na Ulaya. Bodi ya Pareto ya Kenya ilikuwa ndiye mnunuzi, mkamuaji na muuzaji.

Kilichoiangusha hakikuwa maabara. Bodi ilielemewa na madeni na ikashindwa kuwalipa wakulima kwa wakati. Malipo yalichelewa miezi, kisha miaka. Mkulima wa Kenya hakuandamana sana. Aling'oa pareto akapanda viazi, mahindi na njegere. Kufikia miaka ya 2000, nchi iliyokuwa ya kwanza duniani ilikuwa inakosa maua ya kulisha kiwanda chake, na wanunuzi wa nje wakageukia Tasmania, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2013 Kenya ilipitisha Sheria mpya ya Pareto iliyofungua milango kwa makampuni binafsi.

Somo ni la mhasibu. Katika kiwanda kinachotegemea maelfu ya wakulima wadogo, deni la mkulima halifanani na deni la benki. Benki itakuja na mawakili, na mtapanga upya. Mkulima haleti wakili wala barua. Msimu unaofuata haonekani tu, na pareto ikishang'olewa hairudi kwa siku moja. Mkuu wa fedha anayelipa riba ya benki kwanza na kumwacha mkulima mwisho anaweza kuwa na hesabu safi mwaka huu na kiwanda kitupu mwaka wa tatu.

BEI ILIYOVUNJIKA

Kiti cha mwanasayansi mkuu kina kazi ambayo wengi hawaijui. Hatakiwi kuangalia maabara yake tu, anatakiwa aangalie maabara za wengine. Mfano mzuri ni mmea wa artemisia, unaotoa artemisinini ya kutibu malaria. Mchina Tu Youyou na wenzake waliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na yeye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa mseto za artemisinini mwaka 2001, mahitaji yakapanda haraka kuliko mashamba. Kufikia mwaka 2005 kilo moja ya artemisinini ilivuka dola 1,000 za Marekani. Wakulima wa China, Vietnam na Afrika Mashariki wakakimbilia kupanda, na kiwanda kikajengwa Athi River, Kenya. Kufikia mwaka 2007 bei ilikuwa imeanguka chini ya dola 200. Waliopanda mwisho ndio waliopata hasara kubwa.

Baada ya hapo likaja tishio la aina nyingine. Wanasayansi wa Marekani walifundisha hamira kutengeneza malighafi ya artemisinini ndani ya mapipa, bila shamba. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza uzalishaji mkubwa kwa njia hiyo katika kiwanda chake cha Garessio, Italia. Wengi walidhani kilimo cha artemisia kimekwisha. Haikuwa hivyo, kwani bei ya mmea ilikuwa chini kiasi kwamba mapipa hayakufua dafu, na mwaka 2016 kiwanda hicho kiliuzwa.

Kwa hiyo mwanasayansi mkuu mwenye kufaa ni yule anayeweza kuiambia bodi mambo mawili: teknolojia fulani inakuja, na bado itauzwa kwa bei gani. Anayejua la kwanza peke yake ataitisha kampuni bure. Asiyejua hata hilo ataiacha ilale usingizi hadi siku ya kufunga.

MBEYA: UJASIRI WA KUSIMAMISHA

Kiti cha ubora ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu mwenye kukikalia hulipwa ili aseme hapana. Mfano wake uko Mbeya mjini.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake Mbeya kilichotokana na ushirikiano ulioanza miaka ya 1990 na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich, Ujerumani. Si kampuni na hakigawi faida. Lakini dawa za kifua kikuu na chanjo za UKIMWI zilizobuniwa na wataalamu wa nchi mbalimbali zimepimwa hapo kwa watu wa Mbeya waliojitolea. Kimekuwa sehemu ya mnyororo ule ule ambao makampuni ya dawa duniani huutegemea kabla hayajauza hata kidonge kimoja.

Mwishoni mwa mwaka 2020 ulianza utafiti mkubwa wa chanjo ya UKIMWI uitwao PrEPVacc. Ulifanyika Masaka nchini Uganda, Mbeya na Dar es Salaam nchini Tanzania, na Durban nchini Afrika Kusini. Watu 1,512 wenye umri wa miaka 18 hadi 40 walijitolea. Mtafiti mkuu alikuwa Profesa Pontiano Kaleebu wa Uganda, na hilo lenyewe lilikuwa jambo la kujivunia, kwani majaribio mengi ya aina hiyo yamezoea kuongozwa kutoka ng'ambo.

Novemba 2023 uchomaji wa chanjo ulisimamishwa. Kamati huru ya wataalamu, ambao hawakuwa watumishi wa utafiti, iliangalia takwimu na kuona kwamba hapakuwa na matumaini ya chanjo hizo kukinga. Viongozi walikubali, wakasimamisha, wakawaambia waliojitolea na wakautangazia umma. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalithibitisha kwamba chanjo hizo hazikupunguza maambukizi.

Mtu wa sokoni anaweza kusema hiyo ni hasara. Miaka mitatu imepita, fedha nyingi zimetumika, na hakuna bidhaa. Hata hivyo, katika biashara ya dawa hiyo ndiyo alama ya uongozi wa kuaminika. Chanjo isiyofanya kazi ikiendelea kusukumwa kwa sababu wakubwa wameona aibu, anayelipa mwisho ni mgonjwa, na baada yake ni mwenye hisa. Wale waliopima hawakuwa chini ya amri ya wale waliotamani ifaulu. Mwenye fedha akifika katika kampuni yoyote ya dawa, jambo hilo ndilo la kwanza kulitafuta.

Kwa pareto swali ni lile lile kwa sura ndogo. Mtu anayepima sumu ya gunia la mkulima yuko chini ya nani? Akiwa chini ya meneja wa ununuzi, ambaye sifa yake ni kununua kwa bei ndogo, mkulima atakuwa na mashaka hata kipimo kikiwa cha haki. Sampuli ikichukuliwa mbele ya mkulima, ikagawanywa na sehemu moja ikahifadhiwa kwa ajili ya rufaa, mashaka hupungua na kampuni hupata maua bora. Haki ya kipimo haina gharama kubwa, na faida yake kubwa ni kwamba mkulima hurudi msimu ujao.

MAMENEJA WALIOBAKI BUKAVU

Kinabaki kiti cha mkurugenzi mtendaji. Mashariki ya Kongo, katika mji wa Bukavu, kipo kiwanda cha Pharmakina kinachotengeneza kwinini kutokana na magome ya mkinchona unaolimwa Kivu. Kilikuwa mali ya kampuni ya Boehringer Mannheim ya Ujerumani. Boehringer Mannheim iliponunuliwa na Roche ya Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1990, kiwanda cha Bukavu, katikati ya vita, kilikuwa mzigo usiopendwa.

Mwaka 1999 mameneja wawili waliokuwa wakikiendesha, Mjerumani Horst Gebbers na Mfaransa Etienne Erny, walikinunua. Wenye mali wakubwa walijitoa, na waliobaki ni wale waliowajua wafanyakazi kwa majina na miti kwa mashamba yake. Kiwanda kiliendelea kukamua kwinini katika miaka ambayo wengi walifunga milango, na mwaka 2005 kikaanza kutengeneza pia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI.

Tofauti na Mafinga ni moja. Bukavu, mwenye kuamua alikuwa anaishi Bukavu. Hilo halina maana kwamba mwenyeji ni bora siku zote kuliko mgeni wa mbali. Mmiliki mkubwa wa nje ana mtaji, ana soko tayari na ana maabara ambazo kiwanda cha peke yake hakiwezi kumudu. Pareto ya Tanzania isingepata mnunuzi wa uhakika kirahisi bila mlango wa Minneapolis. Lakini mkurugenzi aliyepewa cheo bila mamlaka ni msimamizi wa ghala mwenye ofisi nzuri. Wa kujiuliza ni huu: akitaka kupandisha bei ya mkulima katikati ya msimu kwa sababu Umalila wanaanza kung'oa, anaweza kusaini mwenyewe, au lazima angoje simu kutoka nje?

MWENYE MTAJI MDOGO AFANYE NINI

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja, TOL, ya gesi ya oksijeni. Tangu wakati huo halijapata kampuni ya utafiti wa dawa. Kwa mkazi wa Mbeya, TOL ndiyo jirani wa karibu zaidi katika orodha hiyo, kwani huuza oksijeni kwa hospitali na huvuna gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini Rungwe.

Kwa sababu hiyo, mtu akitokea Mwanjelwa au Mafinga akiuza "hisa za kampuni ya dawa", mnunuzi ana haki ya kusita. Kwa Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994, hisa haziuzwi kwa umma bila waraka wa matarajio ulioidhinishwa na mamlaka ya masoko ya mitaji. Majina ya wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni yoyote hupatikana kwa Msajili wa Makampuni, BRELA, kwa ada ndogo. Waliopoteza akiba zao katika mchezo wa DECI, uliofungwa na serikali mwaka 2009, waliambiwa wapande mbegu wavune. Wachache waliuliza shamba liko wapi na nani mkulima.

Kwa asiyenunua hisa bali anafanya biashara kando ya kampuni, kwa mfano msafirishaji, mwenye ghala, muuza miche au mkopeshaji wa wakulima, maswali matano yanatosha:

1. Mkuu wa ugani anaingia katika kikao cha menejimenti, au husomewa maamuzi tu?

2. Mkulima wa msimu uliopita amelipwa? Hili haliulizwi kiwandani, linaulizwa kijijini.

3. Anayepima ubora yuko chini ya anayenunua, au yuko peke yake?

4. Nani katika kampuni anafuatilia maabara za nje, na mara ya mwisho aliionya bodi juu ya nini?

5. Mkurugenzi aliyepo anaweza kuamua kiasi gani bila kuuliza ng'ambo?

Majibu ya maswali hayo hayapatikani katika tangazo la gazetini. Mengi hupatikana bure, kwenye kituo cha kununulia maua, kwa dereva wa lori na kwa mama anayeanika pareto juu ya mkeka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara wa mahindi ataendelea kuuma punje yake Makambako, naye yuko salama, kwa sababu daftari lake limo kinywani. Wa pareto na wa dawa daftari lake limo maabara, na ufunguo wa maabara wanao watu wachache. Kabla hajatoa fedha, awajue watu hao ni nani na wanamjibu nani.